Tupeane uzoefu: mfumo wa joto la mabomba unapofanya vituko

Ndugu zangu, naomba tukusanye hapa visa vya mifumo ya kupasha nyumba joto kwa tanuru la gesi, feni na mabomba ya hewa, hasa pale ambapo mtambo haukufa bali ulianza kufanya mambo yasiyoeleweka.

Naanza na changu. Tanuru lilikuwa likiwaka dakika chache, moto unazimika kabla nyumba haijapata joto, lakini feni inaendelea kupuliza hewa inayozidi kupoa; baada ya muda moto unawaka tena, na mchezo unajirudia. Niliishuku themostati, yaani kile kifaa cha ukutani kinachopima joto la nyumba na kuliamuru tanuru kuwaka au kuzima, nikanunua mpya, na hali ikabaki vilevile. Fundi alipofika hakugusa kitu: aliketi mbele ya tanuru akatazama mizunguko miwili mizima, ndipo akachomoa kichujio cha hewa, nacho kilikuwa kimevaa vumbi zito mithili ya blanketi. Kwa kuwa hewa haikupita ya kutosha, chuma kinachotenganisha moto na hewa ya nyumbani kilipata joto kupita kiasi, swichi ya usalama ikawa inakata gesi, na feni ikaachwa izunguke ili kukipoza. Kumbe mtambo ulikuwa ukijilinda, nami nilikuwa nimetupa themostati nzima.

Mchangiaji wa kwanza: Langu lilifanana na lako, ila moto ulidumu sekunde chache tu, lilijaribu mara tatu, kisha likajifunga. Kosa lilikuwa kwenye kihisi cha moto, yaani kile kijiti cha chuma kinachokaa ndani ya mwali na kupitisha mkondo mdogo mno wa umeme, unaopimwa kwa maikroampea, kuthibitisha kwamba gesi imewaka kweli. Kikishika utando, bodi ya umeme inayoliongoza tanuru huamini kwamba hakuna moto na hufunga gesi papo hapo. Nilizima umeme na gesi, nikakisugua taratibu kwa sufi laini ya chuma, na tanuru likarudi katika hali yake. Tazameni pia taa ndogo inayomweta kwenye bodi: idadi ya mimweto ni lugha yake, na mara nyingi tafsiri imebandikwa upande wa ndani wa mlango wa tanuru, mahali ambapo wengi wetu hatusomi.

Mchangiaji wa pili: Kwangu hewa baridi ilitoka usiku kucha. Mtu alikuwa ameiweka swichi ya feni, iliyo kwenye themostati, katika hali ya kuzunguka muda wote badala ya kujiendesha yenyewe. Sina zaidi.

Mchangiaji wa tatu: Ndugu mwanzisha mada, usiitakase themostati kupita kiasi. Yangu ilidai nyumba ni baridi ilhali sisi tulikuwa tukitokwa jasho, kwa sababu upepo wa baridi uliokuwa ukishuka ndani ya ukuta ulitokea kwenye tundu la nyaya, nyuma yake kabisa. Nililiziba, ikaanza kusema kweli.

Mchangiaji wa nne: Chumba kimoja kilipoa ghafla siku chache baada ya mafundi wa umeme kupita darini. Tulibadilisha kichujio, tukafungua matundu yote, bila mafanikio, hadi nilipopanda na kukuta bomba limechomoka kwenye maungio, likipasha joto dari.

Mwanzisha mada: Nashukuru. Naongeza tahadhari moja: mkiona mwali umekuwa wa manjano na kuacha masizi, au watu wa nyumbani wakiumwa kichwa na kusikia kichefuchefu ambavyo huisha wakitoka nje, hapo hakuna kuchunguza, tokeni wote na mwite msaada mkiwa nje, kwa sababu kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotokana na moto usioungua vizuri, haina harufu. Na aliyewahi kusikia kishindo mara tu moto unapowaka, atueleze alikuta nini.