Riwaya yangu imekwama sura ya saba, naombeni ushauri

Habari zenu wakuu. Nina genge la mboga hapa Tanga. Tangu mwaka juzi naandika riwaya kwenye kaunta buku, mchana wateja wakipungua. Inamhusu Mwanaidi, ambaye mumewe alikwenda kuvua asirudi. Sura sita zilikuja zenyewe. Nikazipeleka steshenari zikachapwa, nikampelekea mchapishaji mmoja. Zimerudi bila hata neno moja, na pini niliyobania iko vilevile, hakuna aliyefunua. Tangu siku hiyo nikishika kalamu mkono unakuwa mzito. Mliopitia haya mlifanyaje?

Mzee wa Kisosora: Pole sana binti yangu. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa miaka mitatu kuanzia 1969, kisa waraka wa kuihoji serikali ya Kenya. Gerezani akatunga mashairi, akayaandika kwenye karatasi za msalani, yakatolewa kwa siri. Mwaka 1973 yakatoka kitabu, Sauti ya Dhiki. Wewe kaunta buku unayo na kalamu unayo. Andika, hata mistari mitano kwa siku.

Mama Wawili: Shikamoo mzee. Mistari mitano ni sawa, ila mimi naona dada hajachoka, hadithi ndiyo imepotea njia. Dada, umewahi kumsimulia mtu? Bibi yangu alikuwa akisema "Paukwa!", tusipoitikia "Pakawa!" kwa nguvu, haendelei. Akiona tunasinzia katikati anajua kakosea mahali, anarudi nyuma, anamtoa sungura kisimani anampandisha mbuyuni, na sote tunaamka! Funga daftari. Msimulie mtu, usimsomee. Angalia anashika simu wapi, na anauliza nini.

Karani: Nyongeza ndogo. Wachapishaji wengi hutaka mswada uliokamilika. Ukimaliza, piga simu kwanza uulize wanapokeaje.

Mleta uzi: Ahsanteni sana, Mungu awabariki. Ushauri wenu nimeupokea kwa niaba ya Mwanaidi. Jana jioni nilimsimulia jirani yangu muuza vitumbua, huku anageuza vitumbua vyake kwa kijiti. Alisikiliza kimya, halafu kijiti kikasimama hewani: "Na mtumbwi je? Ulirudi?" Sikuwa na jibu. Sura sita nzima Mwanaidi amekaa ufukweni anamlilia mume, na mimi sijawahi kuuliza mtumbwi uko wapi. Usiku nimeandika kurasa nne. Mtumbwi umeonekana Pangani, umepakwa rangi mpya, na anayeuvulia anajua jina la Mwanaidi.