Tunaingiza maji mengi kuliko tunachotoa, lakini presha ya mwamba inashuka

BintiNizwa:
Assalaam aleikum jamani. Nisaidieni kabla sijakaa na wakubwa Jumapili. Nipo jangwani Oman, mwamba wetu ni chokaa. Nina kisima kimoja cha kuingiza maji, K-1, na vinne vya kutoa mafuta vinavyokizunguka. Kwa siku tunatoa mapipa 1,200 ya mafuta na 2,100 ya maji. Pipa moja la mafuta juu lilikuwa 1.25 kule chini, kwa hiyo tunaacha nafasi ya mapipa 3,600 mwambani. Tunaingiza 4,000. Kwa hesabu tunarudisha 1.11 ya tulichochukua, na bado presha ya mwamba imeshuka kutoka psi 2,680 hadi 2,480 kwa miezi minane.

Nimeilazimisha modeli ya mtiririko ikubaliane na vipimo: nimepunguza upenyezaji wa mwamba kati ya K-1 na kisima cha kaskazini mara kumi. Ikakubali. Ila jiolojia hainipi sababu yoyote ya kufanya hivyo, na roho haitulii.

FundiVisima:
Waaleikum salaam binti yangu. Hiyo mara kumi irudishe ulipoitoa. Kabla ya modeli nenda kaifungue mita. Niliwahi kusaka ufa kwa miezi mitatu, kumbe tundu la bamba la mita lilikuwa limeingia magamba ya chumvi, likawa dogo, mita ikasoma maji mengi kuliko yaliyopita.

Mita ikiwa safi, chora mstari wa Hall. Ni wa mwaka 1963 na bado unafanya kazi. Chukua presha ya chini ya kisima, toa ya mwamba, jumlisha siku hadi siku. Hiyo iwe wima; mlalo weka jumla ya maji yaliyoingizwa. Mstari ukipinda kwenda juu, kisima kinaziba. Ukilala, maji yamefungua ufa au yanatoroka nje ya tabaka.

Hoima_Mhandisi:
Dada, ongeza na modeli ndogo ya lahajedwali: kila kisima cha kutoa kiwe kama tangi linalopokea mgawo wake wa maji ya K-1. Jumla ya migawo ikiwa chini ya 1, kuna maji yanayokwenda kusikojulikana. Lakini kama K-1 imekuwa ikiingiza 4,000 vilevile kila siku, migawo hiyo usiiamini hata kidogo. Hesabu inajifunza pale maji yanapopanda na kushuka. Na vipimo vya siku ambazo pampu za visima vya kutoa zilibadilishwa, viondoe kwenye hesabu. Huku Ziwa Albert na sisi tunajiandaa kuingiza maji, nafuatilia uzi huu kwa makini.

BintiNizwa:
Shukran sana. Mita tumeifungua, ni safi. Mstari wa Hall ulinyooka hadi Machi, kisha ukalala. Nikarudi kwenye daftari la zamu: Machi ndipo pampu ya pili iliwashwa, presha ya kichwa cha kisima ikatoka psi 1,300 hadi 1,700. Pampu zilizimika mara kadhaa mwaka huu, kwa hiyo migawo ilikuwa na cha kusoma: jumla 0.64.

Tukakifunga K-1 siku mbili, tukashusha kipimajoto. Kwenye matundu ya bomba, maji yanapoingilia tabaka letu, kulikuwa baridi, kama inavyotakiwa. Lakini mita 40 chini ya tundu la mwisho, mahali palipotakiwa kuwa na joto la mwamba, mchoro ukarudi tena upande wa baridi. Nilikaa nao mkononi kwa muda mrefu. Maji yetu yapo pale.

FundiVisima:
Hongera, binti. Sasa usikimbilie kusema ni ufa. Saruji mbovu nyuma ya bomba nayo huchora hivyo hivyo, na hiyo haiponi kwa kushusha presha. Fanya jaribio la ngazi: ongeza kiwango kidogo kidogo, subiri presha itulie kila hatua. Ikifika mahali maji yanaongezeka na presha inakuwa mvivu kupanda, hapo ndipo ufa unafunguka. Na kumbuka maji baridi huulegeza mwamba, ufa hufunguka kwa presha ndogo kuliko ile iliyoandikwa siku kisima kilipochimbwa.

BintiNizwa:
Nimeomba jaribio lifanyike Jumatatu. Mpaka hapo K-1 imerudishwa psi 1,300, na kile kizuizi cha kaskazini nimekifuta kwenye modeli.