Binti anatimiza miaka mitano, nina laki tatu na uwani wa kupanga. Nimfanyieje sherehe yenye raha?

Baba K wa Tabata

Wakuu, heshima kwenu.

Binti yangu wa kwanza anatimiza miaka mitano katikati ya Aprili, na tumepanga kumfanyia sherehe Jumamosi inayofuata. Mama yake ni nesi na wiki hiyo yuko zamu ya usiku, kwa hiyo maandalizi yote yameniangukia mimi. Shughuli ninazozijua ni za kamati na michango. Ya watoto sijawahi kuandaa hata moja.

Tunaishi nyumba ya kupanga, uwani tunatumia wapangaji wanne. Pamesakafiwa, kuna mwembe upande mmoja, na geti linafungwa. Bajeti ni laki tatu, nikijikaza sana itafika laki tatu na nusu. Nataka kualika watoto kumi na wawili, wenzake wa chekechea na binamu zake.

Shida iko kwa mama mkwe na mashemeji. Wao wanataka ukumbi, mapambo, mshereheshaji na spika kubwa, eti mtoto wa kwanza lazima aonekane. Mwenyewe nilipomuuliza anataka nini, akasema keki ya njano na kuchezea maji. Basi, hakuongeza kitu.

Mvua za masika nazikwepaje? Michezo gani, chakula gani, na ukweni nawatulizaje? Wa kejeli naomba wapite kimya kimya.

Chuma cha Reli

Mkuu, mtoto wa miaka mitano hakumbuki chochote. Hiyo hela mnunulie kiwanja.

Mpangaji Sugu

@Chuma cha Reli kiwanja cha laki tatu kiko wapi nije na familia yangu yote?

Mama Wawili

Baba K, hongera kwa kujitoa. Nimeandaa hizi shughuli kwa wanangu na kwa watoto wa dada zangu, nakwambia ninachokijua.

Kwanza futa hiyo hesabu ya kumi na wawili. Nyumba ya kupanga, watoto wa wapangaji wenzako utawafungia ndani? Na wale wa nyumba ya pili wakisikia muziki watajipanga getini. Pika chakula cha watoto ishirini na tano, moyo wako utulie. Mtoto wa jirani kukaa nje ya geti ananusa pilau la mwenzake haipendezi, na hiyo aibu itakuandama mtaani kuliko kukosa ukumbi.

Pili, saa. Watu wanaandika kwenye kadi saa nane mchana, shughuli inaanza saa kumi na moja, keki inakatwa gizani huku mwenye sherehe amelala begani kwa shangazi yake. Wa umri huo wako vizuri asubuhi. Anza saa nne, chakula saa sita, keki saa sita na nusu, saa saba wazazi wachukue watoto wao. Masaa matatu yanatosha kabisa. Yakizidi hapo wanaanza kupigana.

Tatu, ukweni. Usibishane nao, wagawie kazi. Mama mkwe mpe pilau, asimamie yeye na asiingiliwe. Shemeji mmoja mpe maputo na mapambo, mwingine apige picha. Mtu akishashika mwiko hana muda wa kuulizia ukumbi.

Fundi Turubai

Kuhusu mvua nisikilize, ni kazi yangu. Usisubiri wingu. Kodi turubai moja siku mbili kabla, lifungwe Ijumaa jioni, na lifungwe kwa mteremko, upande mmoja juu na mwingine chini. Wengi wanalifunga tambarare, maji yanajaa katikati kama karai, halafu linashuka lote juu ya meza ya keki. Upande wa chini uelekeze kwenye mtaro, sio mlangoni kwa jirani.

Na usikodi lile jumba la hewa la kurukia. Sio baya, ila linasimama kwa sababu feni linapuliza muda wote. Umeme ukikatika linaanza kunywea watoto wakiwa ndani. Kama hakuna jenereta na mtu mzima wa kusimama pale pale, achana nalo. Isitoshe litakula nusu ya bajeti yako.

Shangazi wa Chekechea

Mimi ni mwalimu wa watoto wa umri huohuo, kwa hiyo niachieni michezo.

Baba, sheria ni moja: mchezo wa kumtoa mtoto usiupe nafasi. Anayetolewa wa kwanza ndiye atakayelia, na kilio cha miaka mitano kinaambukiza. Viti vya muziki vinachezeka vizuri ukipunguza viti bila kupunguza watoto. Kiti kikiondoka, wanapakatana. Mwisho wanabaki kumi na kitu juu ya viti viwili, wanacheka mpaka wanaanguka.

"Nyama nyama" usiikose. Mkubwa anasimama mbele anaita "Nyama nyama nyama!", watoto wanaitikia "Nyama!" Akisema "ya mbuzi" wanaruka juu na kuitikia, akisema "ya nyoka" wanatakiwa kutulia. Sasa siri iko kwenye kasi. Mbuzi, kuku, ng'ombe, samaki, halafu ghafla "ya kiatu!" Wote wanaruka. Atakayeruka kimakosa asitoke, aje mbele aigize sauti ya mnyama. Mwaka jana kuna mmoja alikuwa anakosea makusudi ili aje kulia kama punda.

Mbio za ndimu kwenye kijiko ziwepo, lakini kijiko washike mkononi, wasiweke mdomoni, maana akijikwaa nacho mdomoni ni hatari. Kwa magunia tumia viroba vya sandarusi vilivyoisha unga, uvifue kwanza. Na kwa kuwa uwani kumesakafiwa, nunua boksi la chaki za rangi. Watachora sakafu nzima, na hapo utapata dakika ishirini za kunywa chai yako.

Panga michezo minne tu. Mchezo ukinoga usiukatishe eti kwa sababu ratiba imesema.

Bint Pwani

Hamjambo, nawasalimu kutoka Mombasa. Kwetu zamani bethidei hazikuwa na mambo mengi, bibi alikuwa akipika mahamri na mbaazi, watoto wa mtaa wanakula, wanaombewa dua, kwisha. Chakula cha kushika mkononi ndio chakula cha watoto. Viazi karai, sambusa ndogo za kuuma mara mbili, kaimati, matunda yaliyokatwa. Hilo pilau mtapikia wakubwa. Mtoto atakula nyama, wali atauacha kwenye sahani.

Mama Wawili

@Bint Pwani dada, Dar shughuli bila pilau watu wanaondoka wanasema hawajala. Ila kweli, wapakulie kidogo. Kwa watoto kilo moja ya mchele inalisha kumi au zaidi. Baba K, kilo tatu na kuku wanne vinatosha, na hapo wazazi watakaobaki wamo. Soda kreti moja ina chupa 24, gawanya nusu nusu kwenye vikombe, la sivyo utaokota chupa zilizonywewa funda mbili. Chungu kimoja cha juisi ya ukwaju kitamaliza kazi.

Pilau lipikwe asubuhi hiyohiyo. Wali uliolala nje kwenye joto letu unaumiza matumbo.

Kijana wa Maduka

Mapambo nenda Kariakoo siku ya kazi asubuhi, usiende Jumamosi. Ukichukua maputo kwa pakiti la jumla ni nafuu sana kuliko dukani mtaani, na pampu ya mkono nunua hapohapo, mashavu yako utayahitaji siku ya tukio. Chagua rangi mbili tu. Kama keki ni njano, chukua njano na nyeupe, patapendeza bila kumlipa mpambaji.

Maputo yanayopaa, uliza yamejazwa gesi gani. Heliamu haiwaki. Haidrojeni inawaka na kulipuka, halafu wewe una mishumaa mezani. Muuzaji akianza kujiumauma, acha, tumia ya kawaida.

Zawadi za kuondokea, kumbuka mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019. Vile vibahasha vya kaki vinatosha: penseli, kifutio, ubuyu kidogo, biskuti.

Nesi Mstaafu

Naongezea hapo. Puto likipasuka, vipande viokotwe papo hapo. Mtoto akikitia mdomoni na kukivuta na pumzi kinaziba njia ya hewa, na kukitoa ni kazi. Karanga nzima na pipi ngumu za duara msiwape walio chini ya miaka mitano, na wadogo zao lazima watakuja. Waulize pia wazazi kama kuna mtoto anayedhurika na karanga, maziwa au mayai. Ni ujumbe mmoja tu wa simu.

Mzee wa Kinyago

Msimsahau kumwambia kuhusu vinyago. Sisi tulikodi mtu aliyevaa kinyago cha panya wa katuni, kichwa kikubwa kama pipa. Mwanangu wa miaka minne alikimbilia chini ya meza, tukakata keki yeye akiwa kulekule. Mtu mwenyewe alivua kichwa kwa huruma ili mtoto aone kuwa ni binadamu, ndipo na wengine wakaanza kulia.

Keki za Mwenge

Mimi naoka. Keki ya krimu ya kuchapa haivumilii joto la Dar nje ya friji, omba ya siagi, au itolewe dakika za mwisho kabisa. Kilo mbili zinawatosha watoto ishirini na tano. Na tafadhali, USIITUME KWA BODABODA. Nimeona keki ya ghorofa mbili ikifika imekuwa chapati. Fuata mwenyewe kwa bajaji, ipakate, mwambie dereva matuta apite taratibu.

Baba K wa Tabata

Aisee, asanteni sana, sikutegemea. Nimeshaongea na mama mkwe kuhusu pilau, kabla sijamaliza sentensi ameniuliza kama nina sufuria kubwa au aje na lake. Ukumbi hajautaja tena. Turubai nimepata kwa jirani, halafu tutamlipa kwa keki.

Limebaki moja. Wajomba zake wamezoea kummwagia maji mwenye bethidei, ndoo nzima, kwa kushtukiza. Binti anapenda maji lakini akishtuliwa analia mpaka anatapika. Nifute hilo jambo?

Shangazi wa Chekechea

Usifute, geuza. Weka beseni mbili chini ya mwembe na vikombe vya plastiki, baada ya keki yeye ndiye aanze kuwamwagia wajomba. Mwambie siku mbili kabla ili ajipange. Waandikie wazazi walete nguo za kubadilisha. Beseni zisijazwe sana, mtu mzima mmoja akae hapo asiondoke, na mkimaliza zimwagwe, zisibaki na maji wakati wadogo wanazurura. Sakafu ikilowa inateleza, kwa hiyo mbio za ndimu zitangulie.

Mpangaji Sugu

Na wapangaji wenzako waambie mapema wasianike nguo siku hiyo.