Mtwara kwa miguu na hema: Msangamkuu hadi Ruvula, siku tano za Oktoba

Mpandavilima_Dom:
Habari zenu wakuu. Tuko wanne, tumezoea kutembea milimani (Uluguru, Hanang), ila pwani hatujawahi. Tunataka kwenda Mtwara mwezi wa Oktoba, tuvuke kwa kivuko hadi Msangamkuu, tufuate ufuko kuelekea mashariki kwa miguu na mahema, tumalizie Ruvula na Msimbati. Kila mmoja atabeba kama kilo 12. Kwenye ramani naona ni kama kilomita 30 na kidogo, nikadhani siku mbili zinatosha, lakini ndugu mmoja wa huko ameniambia nisihesabu kilomita. Naomba mwongozo: tarehe zipangwe vipi, maji ya kunywa, hema kwenye mchanga, na kama njia nzima inapitika kwa miguu. Vibali pia.

MkaziwaShangani:
Huyo ndugu amekwambia kweli. Pwani hii hupangi safari kwa kilomita, unapanga kwa maji. Mchanga ambao bahari imetoka muda si mrefu ni mgumu, mtu mwenye mzigo anakwenda kilomita 4 kwa saa bila shida. Maji yakijaa unasukumwa kwenye mchanga mkavu wa juu, mwendo unashuka hadi 2. Ukiingia tope la mikoko hata 1 ni taabu. Kwa hiyo ufuko uleule ni wa asubuhi moja au wa siku nzima, inategemea umeanza saa ngapi.

Anza na mwezi. Siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu, na vilevile baada ya mwezi kuandama, ni bamvua: maji yanajaa sana na kutoka sana, tofauti inapita mita 3. Katikati yake, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, bahari haiendi mbali. Kwa pwani yetu bamvua ina saa zake: maji yanakuwa yametoka kabisa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, yanajaa karibu saa 10 alasiri na saa 10 alfajiri. Kila siku inayofuata saa hizo zinasogea mbele kwa takriban dakika 50. Maji mafu ni kinyume, yanajaa saa 4 asubuhi na kukubana kwenye mchanga laini wakati jua linaanza kuchoma.

Basi anzeni kutembea siku ya kwanza ya bamvua, baada ya mwezi mpevu. Siku ya kwanza maji yatakuwa chini saa 4, ya pili karibu saa 5 kasorobo, ya tatu saa 5 na nusu hivi. Mkiondoka saa moja na nusu mnapata saa nne au tano za mchanga mgumu, mnapumzika kivulini jua la utosi likifika. Siku ya nne, ambayo ndiyo mtahitaji mashua (nitaeleza), maji yanakuwa yamejaa kwenye saa 12 na nusu asubuhi, upepo bado umelala. Mpangilio huo hauji ukianza siku yoyote tu. Hizi ni saa za kupangia safari; mkifika, chukueni jedwali la maji la bandari ya Mtwara la mwezi husika na mlifuate hilo.

Jambo linalowakamata wageni ni kasi. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawanya tofauti yote mafungu 12: saa ya kwanza baada ya kupwa yanapanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tuseme tofauti ni mita 3.6: saa ya kwanza ni sentimita 30 tu, mtu anaona bahari imetulia na anaendelea kupiga picha mwambani. Saa ya tatu ni sentimita 90. Kijito ulichovuka kikiwa magotini kinakuwa kifuani ndani ya saa hiyo. Kwa hiyo kila mkono wa bahari wenye mikoko uvukeni kabla ya maji kufika chini kabisa, au ndani ya saa moja baada ya hapo. Mkichelewa, kaeni upande mliopo. Msijaribu.

Kuhusu njia: kuna vipande vya mchanga safi, vipande vya mwamba wa matumbawe wenye meno, na mikoko ambayo lazima uizunguke kwa njia za vijijini. Na mwisho kuna Ghuba ya Mnazi. Ukifika upande wa kijiji cha Nalingu, Ruvula iko ng'ambo ya maji, na mlango wa ghuba hauvukwi kwa miguu hata bamvua itoke vipi. Ni mashua, au urudi barabarani uzungukie Madimba hadi Msimbati, kipande ambacho hakina uzuri wa kuuchosha mguu.

Mtaelekea mashariki, jua la asubuhi litakuwa usoni. Kofia yenye ukingo mpana na miwani ya jua.

Pangaboi:
Naongezea habari za mashua, maana hapo ndipo watu hukosea kwa kutazama bei tu.

Oktoba upepo wa kusi umeishiwa nguvu na wa kaskazi haujaingia, ni kipindi kizuri. Hata hivyo mchana upepo wa baharini huamka. Mlango wa ghuba una mkondo: maji yakitoka, ghuba nzima inamwagika kupitia hapo, na upepo ukivuma kutoka nje kuingia ndani wakati huo huo, mawimbi yanakuwa mafupi na yaliyosimama. Mashua iliyobeba watu na mizigo inachota maji kwa omo (sehemu ya mbele). Ndiyo sababu saa aliyoitaja mkuu hapo juu ni sahihi. Maji yakijaa hadi mwisho mkondo unasimama kwa dakika 20 au 30, na chombo kinafika hadi mchangani, hampandi mkiwa na maji ya kiuno na mabegi kichwani.

Kabla ya kukubaliana na nahodha, tazama haya kwa macho yako. Majaketi okozi, moja kwa kila mtu, kamba na vifungo vikiwa vizima. Pini ya akiba ya pangaboi (panga la injini linalozunguka majini) na plagi ya akiba. Pangaboi likinasa wavu au kugonga mwamba, pini ndiyo hukatika, na bila nyingine mnaelea tu na mkondo. Makasia mawili na upondo. Nanga yenye kamba. Ndoo ya kutoa maji ya ngama (yanayojikusanya chini ya chombo). Injini ya farasi 15 ya kuchanganya oili inakula lita 6 hadi 7 kwa saa ikikimbizwa mwisho, kwa hiyo hesabu mafuta ya kwenda, ya kurudi kwa nahodha, na theluthi moja juu yake. Malipo yakijadiliwa kwa lita, na ujira wa nahodha ukitajwa peke yake, hakuna anayejiona amedhulumiwa.

Ngalawa ya tanga ni nzuri kwa kutembea ndani ya ghuba. Kuvuka mlangoni mkiwa wanne na mabegi, hapana. Funga mabegi ndani ya mifuko ya nailoni na simu kwenye kopo lenye kifuniko cha kukaza.

BiMikoko:
Wanangu, maji ya kunywa kwanza. Oktoba ni mwisho wa kiangazi chetu. Mvua za kusini ni msimu mmoja, huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Visima vingi vya karibu na ufuko vinakuwa na chumvichumvi mwezi huo, na kuchemsha hakuondoi chumvi. Hesabuni lita 5 kwa mtu kwa siku, kunywa na kupika. Hamtaweza kubeba za siku zote, kwa hiyo kila kijiji mnachopita ulizeni bomba au kisima cha maji baridi na mjaze hapo, hata kama vyombo bado vina maji nusu. Tieni dawa ya klorini, subirini nusu saa. Kama maji yana vumbi, yachujeni kwa kitambaa kwanza, maana uchafu unaila dawa kabla haijaua vijidudu.

Hema. Vigingi vya milimani haviwezi kukamata mchanga. Chukueni viroba vidogo vitupu, kila kimoja kitie mchanga kama kilo 4, funga kamba ya hema katikati ya kiroba, kifukie kina cha mkono hadi kwenye kiwiko, kanyagia. Kinashika kuliko chuma. Mahali pa kulala pimeni kwa mstari wa majani makavu na takataka uliobaki ufukweni, ule wa juu kabisa, si ule mbichi wa jana. Wekeni hema juu yake zaidi. Kwenye bamvua maji ya saa 10 alfajiri yanakuja mkiwa usingizini. Msilale chini ya minazi, nazi au kuti kavu likianguka kutoka juu linavunja mtu. Na kaeni mbali na mikoko kwa sababu ya usubi: unapita kwenye matundu ya neti ya kawaida, unauma magharibi na alfajiri upepo ukitulia. Sehemu iliyo wazi kwa upepo ndiyo dawa yake. Neti za mbu ni lazima, malaria ipo. Wahini kwa daktari wiki moja kabla muulize dawa ya kinga, maana Dodoma hamjazoea mbu wengi hivi.

Miguuni vaeni raba zenye soli ngumu zinazoweza kulowa. Makubazi yanachomoka kwenye tope na kukuacha pekupeku juu ya chaza. Mkipita maji ya magoti yenye mchanga, burutani nyayo, msiinue hatua: samaki aitwaye taa hujifukia mchangani, na akisikia mburuto anaondoka, akikanyagwa anapiga kwa mwiba wa mkia. Akimpiga mtu, ondoeni vipande vinavyoonekana, tumbukizeni mguu kwenye maji ya moto anayoyavumilia (nyuzi 40 hadi 45, mtu mwingine ayapime kwa mkono wake, aliyeumwa hawezi kujua) kwa dakika 30 hadi 90, maana joto ndilo linaloituliza ile sumu, kisha zahanati kwa sindano ya pepopunda. Mwiba ukiwa umezama kifuani au tumboni msiung'oe. Konokono wazuri wenye umbo la pia (koni) na madoa msiwaokote kabisa. Wana mshale wa sumu, na wengine wanaua.

Chakula si tatizo. Bebeni mchele, unga na chumvi, samaki mtanunua dikoni boti zinaporudi. Kupikia tumieni jiko dogo la gesi na mkinge upepo. Mikoko msiikate hata tawi kavu la kuni. Ndimo kamba na samaki wachanga wanamokulia, na ikiondoka ufuko unaliwa. Nawasihi sana hapo.

Mpandavilima_Dom:
Asanteni sana, mmetufungua macho. Maswali mawili: tukichelewa tunaweza kutembea usiku kwa mbalamwezi kwa kuwa maji yatakuwa yametoka saa 4 usiku? Na je, vibali na usalama wa mpakani vikoje?

MkaziwaShangani:
Usiku hapana. Mchanga utauona, lakini mwamba uliolowa na tope la mikoko vinang'aa sawasawa kwa mbalamwezi, na mwangaza wa tochi unavuta macho ya walinzi na wavuvi wasiowajua. Jua linazama saa 12 na robo hivi mwezi huo. Saa 11 muwe mmeshasimamisha mahema.

Vibali: eneo la Ghuba ya Mnazi na maingilio ya mto Ruvuma ni Hifadhi ya Bahari tangu mwaka 2000, ina kilomita za mraba 650 hivi, bahari na vijiji ndani yake. Pitieni ofisi ya hifadhi kabla ya kuondoka mjini, waelezeni njia yenu na mahali mtakapolala, mlipe kwa namba ya malipo ya serikali na mtembee na risiti. Ndani ya hifadhi hamwokoti makombe, matumbawe wala jongoo bahari. Kwenye kila kijiji mtakacholala nendeni kwa mtendaji au mwenyekiti wa kijiji kwanza, na vitambulisho vya taifa (NIDA) mkononi, kabla ya kutafuta mahali pa hema. Hii si heshima tu. Kijiji cha Kitaya, upande wetu wa mto Ruvuma, Msumbiji ikiwa ng'ambo ya mto, kilishambuliwa Oktoba 2020, na tangu hapo watu wa pwani hii wanataka kujua mgeni ni nani. Mtaelekezwa vizuri na mtapewa kijana wa kuwaongoza kwenye njia za mikoko; mlipeni. Msishuke kusini ya Msimbati kuelekea mdomo wa Ruvuma bila kuwauliza wenyeji na polisi hali ya siku hiyo.

Madimba kuna kiwanda cha gesi na Msimbati kuna visima. Hakuna kupiga picha, na droni iacheni nyumbani kama hamna kibali chake.

Msafiri_Lindi:
Mkiwa na siku za ziada njia ya kurudi, Lindi mjini kuna kivuko cha kwenda Kitunda, matembezi ya nusu siku yasiyo na usumbufu. Kilwa Kisiwani ni safari nyingine kabisa, kibali kinatolewa Kilwa Masoko, wekeni siku mbili. Nyangumi wenye nundu hupita pwani yetu kati ya Julai na Novemba, kwa hiyo Oktoba bado mnaweza kuwaona mkiwa juu ya mwamba asubuhi bahari ikiwa shwari; tazameni pumzi inayoruka kabla ya kutafuta mgongo.

Msihamishie safari Aprili au Mei kwa sababu ya nauli. Kimbunga Kenneth kilipiga kaskazini ya Msumbiji tarehe 25 Aprili 2019, jirani kabisa na Mtwara, na Mei 2024 barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi ilikatika kwa mafuriko ya kipindi cha kimbunga Hidaya.

Pangaboi:
Kama kuna gari litakalowachukua Msimbati, liwe linalovuta magurudumu yote manne. Mchanga wa kule ni mzito. Dereva apunguze upepo wa matairi hadi psi 18 kabla ya kuingia mchangani, asisimame kwenye mwinuko, asikate kona ghafla. Akianza kuzama aache mafuta papo hapo, akizidisha gurudumu linachimba hadi gari likae kwa tumbo. Sepetu moja na mbao mbili ziwe ndani ya gari, na pampu, kwa sababu kurudi Mtwara kwa kasi na matairi yenye upepo wa 18 yanachemka na kupasuka.