Kome wa Mto Ruaha Mdogo: ni wa aina gani, na je, wanaweza kuhamishiwa bwawani?

Mfugaji wa Kalenga

Kamwene ndugu zangu. Ninafuga perege karibu na Mto Ruaha Mdogo, upande wa Kalenga mkoani Iringa, na maji ya mabwawa yangu nayatoa humo humo mtoni kwa mfereji. Kila kiangazi mto unapopungua, magamba ya kome huonekana kwenye mafungu ya mchanga. Mengine ni marefu kupita kiganja, ya kahawia iliyokolea kwa nje na yenye kung'aa kwa ndani. Mengine ni madogo sana, ya manjano, yenye mistari iliyopangana tangu ukingoni hadi kwenye bawaba. Kinachonishangaza ni kwamba magamba hayo hupatikana katika vipande fulani tu vya mto. Nikipanda kuelekea juu, mahali penye mawe na maporomoko, sioni hata moja, ingawa maji ni yale yale.

Ninaomba msaada katika mambo matatu. Kwanza, hawa ni kome wa aina gani? Pili, jirani yangu anasema kuwa ndio wanaoeneza kichocho na kwamba tungefanya vyema kuwaangamiza. Je, ni kweli? Tatu, nimesoma kwamba kome huchuja maji. Nikikusanya walio hai, ndoo moja hivi, nikawatia bwawani, maji yangu yatatakata?

Mwalimu wa Gangilonga

Kamwene, ndugu. Nianze na la jirani yako, kwa kuwa ndilo lenye madhara likiachwa bila jibu. Kichocho huenezwa na konokono, wala si kome. Konokono wanaohusika ni wa jenasi ya Bulinus, wanaobeba kichocho cha kibofu, na wa jenasi ya Biomphalaria, wanaobeba kile cha utumbo. Hao wana gamba moja lililojizungusha na hupenda maji yaliyotulia yenye majani. Kome ana magamba mawili yaliyoungana kwa bawaba, hujifukia mchangani akabakiza ncha tu, na hana nafasi yoyote katika mzunguko wa minyoo ya kichocho. Hata hivyo, asije mtu akadhani kwamba penye kome ni salama kuoga, maana konokono hao wanaweza kuwapo hatua chache tu pembeni, kwenye majani ya ukingo au ndani ya huo mfereji wako.

Kuhusu aina, usitegemee rangi ya nje, kwa sababu hubadilika kwa umri na kwa udongo wa mahali. Chukua gamba tupu uitazame bawaba kwa ndani. Ukikuta meno, yaani vijiti vidogo vya gamba vinavyoingiana, huyo ni wa familia ya Unionidae, ambamo jenasi ya Coelatura ndiyo ya kawaida Afrika Mashariki, na kwa kawaida ni wa sentimita chache tu. Ukikuta bawaba laini isiyo na meno na gamba lenyewe ni refu, huyo ni wa Iridinidae, familia inayopatikana Afrika peke yake. Humo wamo Mutela, wenye magamba membamba yaliyorefuka, na Chambardia, walionenepa kidogo. Kwa maelezo yako, mimi ningeanza kuyalinganisha na Chambardia wahlbergi, spishi iliyoenea tangu Afrika Mashariki hadi kusini mwa bara. Wale wadogo wa manjano wenye mistari ni Corbicula, ambao si ndugu wa karibu wa hao wakubwa na maisha yao ni tofauti kabisa.

Swali la tatu nawaachia wanaojua mabwawa.

Afisa Uvuvi Mstaafu, Kyela

Mwalimu amekwisha kusafisha njia. Mimi nitashika la bwawa, kisha nilifuate lile ambalo ndugu yetu hakulihesabu kuwa swali, nalo ndilo zito kuliko yote: kwa nini kome wako hapa na hawako pale.

Ni kweli kwamba kome huchuja. Huvuta maji kwa mrija mmoja, matamvua yake (viungo vya kupumulia) yakanasa mwani, bakteria na chembe za uozo, kisha maji hutoka kwa mrija wa pili. Kisichomfaa hukifunga kwa ute na kukiangusha chini. Kome mkubwa mmoja huweza kupitisha lita kadhaa kwa siku, na spishi nyingine makumi ya lita. Lakini bwana, wewe unatia samadi bwawani ili maji yawe ya kijani, kwa kuwa mwani huo ndio chakula cha perege. Ukitia na kome, utakuwa umewakaribisha wageni kwenye sahani ya wenyeji. Maji yatakata kidogo, perege watadumaa, nawe utaongeza fedha ya pumba. Isitoshe, matope ya bwawa lenye samadi hukosa oksijeni hasa usiku, na wakati perege huja juu kuhema, kome hana pa kwenda. Siku utakapokausha bwawa ili uvune, utawaua wote. Na wakifa kwa wingi kabla ya hapo, kuoza kwao kutaharibu maji kuliko walivyoyasafisha.

Kuna na jambo la uzazi, ambalo watu wengi hawalijui. Kome dume humwaga mbegu mtoni, jike aliye upande wa chini wa mkondo huzivuta pamoja na maji, na mayai hulelewa ndani ya matamvua ya jike. Kwa hiyo kome waliotawanyika mmoja mmoja mbalimbali hawazai, hata kama kila mmoja wao ana afya. Lava, yaani watoto wachanga wanaotoka humo, hawawezi kukua peke yao: ni lazima wajishikize kwa samaki. Wale wa Unionidae hubana mapezi au matamvua ya samaki kwa magamba yao madogo. Wale wa Iridinidae wana namna ya ajabu zaidi, ambayo Geoffrey Fryer aliieleza mwaka 1961 kwa kumchunguza Mutela bourguignati wa Ziwa Viktoria. Lava ana uzi mrefu unaopepea majini hadi umguse samaki. Akishamshika, huota mirija inayoingia mwilini mwa samaki kama mizizi na kunyonya chakula humo, kisha kome mchanga hukatika na kuanguka chini. Samaki aliyehusika alikuwa wa jamii ya kuyu, si samaki yeyote aliyepita. Corbicula, aliyetajwa na Mwalimu, hahitaji samaki kabisa, na ndiyo maana unaweza kumkuta hata pale ambapo wakubwa wametoweka.

Sasa jaribu kuusoma mto wako kwa jicho hilo. Kome mkubwa anahitaji mchanga uliochanganyika na changarawe na usiohama: si mwamba mtupu ambao hawezi kuufukua, si mchanga mlaini unaosukumwa kila masika, na si tope zito linaloziba mirija yake. Anahitaji mkondo wa kumletea chakula na hewa, lakini si maporomoko. Anahitaji madini ya chokaa ya kujengea gamba, na vijito vinavyoshuka kutoka kwenye miamba migumu ya nyanda zetu mara nyingi huwa na chokaa kidogo. Ndiyo sababu utaona magamba mengine yameliwa na maji karibu na bawaba hadi yakabaki meupe. Na zaidi ya yote anahitaji samaki wake apite hapo akiwa amebeba watoto. Kwa hiyo watafute nyuma ya mawe makubwa, kwenye ukingo ulioshikwa na mizizi ya miti, na mahali mto unapopunguza mwendo baada ya kona. Kule juu kwenye mawe usipowaona, huenda wanakosa sakafu ya kukaa, au huenda samaki hapandi.

Kwetu huku Ziwa Nyasa lina kome wake ambao hawapatikani kwingine, kama Nyassunio nyassaensis na Mutela alata. Ziwa lina kina cha takriban mita 700, lakini chini ya mita 250 hivi hakuna oksijeni, kwa hiyo makao yao yote ni ukanda mwembamba wa kando. Huo ndio ukanda unaopokea udongo wa mito kama Kiwira na Lufilyo mvua zinaponyesha juu ya mashamba yaliyoachwa wazi. Mtu akilitazama ziwa kwa ukubwa wake hudhani viumbe hao wana nafasi tele.

Mkulima wa Chimala

Nimefurahi kuona jambo hili limeletwa, kwa sababu huku bonde la Usangu, mkoani Mbeya, tunaliona likiwa baya zaidi. Ruaha Mkuu hukusanya maji ya mito inayoshuka kutoka Uporoto na Kipengere, ikiwemo Chimala, Kimani na Mbarali, na Ndembera inayokuja kutoka upande wa Mufindi, halafu hupita kinamasi cha Ihefu na kutokea Ng'iriama, kwenye kizingiti cha mwamba. Maji ya Ihefu yakishuka chini ya kizingiti hicho, mto wote wa upande wa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha hukatika. Hali hiyo ilianza kuonekana kiangazi cha mwaka 1993 na imekuwa ikirudi tangu hapo. Sisi wa mpunga, tunaochepusha maji mashambani, tunatajwa kwanza kuwa chanzo, na sitajitetea sana, ingawa mifugo nayo ilikuwa mingi hadi ilipoondolewa kuanzia mwaka 2006.

Mto ukikatika, kome wengine hujifukia topeni na kufunga magamba, na hao wa Iridinidae wana sifa ya kustahimili kiangazi kwa namna hiyo. Lakini kustahimili huko kuna mpaka wake, na anayejifukia kwenye mchanga mkavu chini ya jua la Septemba si sawa na aliye kwenye tope lenye unyevu. Wanaobaki kwenye madimbwi nao wana shida nyingine: viboko hujazana humo, kinyesi chao hukusanyika, na oksijeni huanguka. Utafiti uliofanyika Ruaha Mkuu na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha jambo hilo, na pia kwamba aina za samaki hupungua katika madimbwi yenye viboko wengi mto usipotiririka. Samaki wakipungua, Afisa ameshatueleza kinachowapata kome.

Ningeongeza mabanio, yaani kuta za kuzuia maji ya mto ili yaingie mferejini. Banio la zege lisilo na njia ya samaki humzuia samaki kupanda, na kome walio upande wa juu wa mto wanaweza kuendelea kuonekana kwa miaka mingi wakiwa wazee watupu, bila mtoto hata mmoja, nasi tukadhani kwamba mambo ni mazuri.

Mfugaji wa Kalenga

Nawashukuru sana, wakubwa zangu. Wazo la bwawa nimeliacha. Nimeyatazama magamba makubwa: hayana meno kwenye bawaba. Sasa hofu yangu imehamia kwa hao wa mtoni. Kandokando ya kipande chenye magamba mengi kuna vinyungu, yaani bustani za mabondeni, hadi kwenye maji, na chini yake vijana huchimba mchanga wa kujengea. Nitajuaje kama wanaoishi bado wanazaa, au ninachokiona ni makaburi tu? Na je, wanaliwa?

Afisa Uvuvi Mstaafu, Kyela

Magamba yaliyokufa yanasema mengi, ndugu yangu. Gamba ambalo pande zake mbili bado zimeshikamana na ndani linang'aa ni la kome aliyekufa karibuni. Lililopauka na kumomonyoka linaweza kuwa limesafirishwa na mafuriko kutoka mbali, na halithibitishi chochote kuhusu mahali ulipoliokotea. Lililovunjwa ukingoni na kuachwa kwenye rundo juu ya jiwe mara nyingi ni la fisi maji. Yuko pia korongo mweusi mwenye mdomo uliopinda ukaacha pengo katikati, ambaye kazi yake ni konokono na kome; huyo akiwapo, furahi, maana hakai penye njaa.

Kujua kama wanazaa, pima urefu wa magamba mengi uwezavyo na uandike. Ukikuta wote wanakaribiana kwa ukubwa, hakuna wadogo, basi uzazi umekatika. Lakini watafute wadogo kwa kuchekecha mchanga, kwa sababu kome wachanga hujifukia wakazama wote, wala huwaoni kwa macho. Na usiwachanganye na Corbicula: huyo hata akiwa mzima ni wa sentimita mbili tatu, ana umbo la pembetatu iliyoviringwa, na mistari yake unaihisi kwa ukucha. Usiihesabu mistari ya gamba la kome mkubwa ukadhani kila mmoja ni mwaka. Hiyo ni hesabu ya nchi zenye majira ya baridi kali, ambako kuna spishi inayopita miaka 100. Kwetu mstari waweza kuwa kiangazi, mafuriko, au ugonjwa.

Ukiwachukua walio hai ili kuwapima, vaa buti ndefu kwa sababu ya kile kichocho cha Mwalimu, waweke kivulini ndani ya maji yao, na uwarudishe pale pale, mirija ikielekea juu.

Kuliwa, wanaliwa sehemu nyingi, ila wa kwako nisingewala. Anayechuja hubakiza mwilini alichochuja, zikiwemo dawa za mashambani, vijidudu vya maji machafu ya mji na madini mazito. Watu wanaoishi kando ya mito, upande wa chini wa machimbo ya dhahabu yanayotumia zebaki, kama kule Chunya, wachukue tahadhari kubwa zaidi.

Vinyungu na mchanga ndiyo kazi halisi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na sote tunajua jinsi inavyofuatwa. Mimi ningeanza na wachimba mchanga, kwa sababu wao huondoa sakafu yenyewe pamoja na kome waliomo, ilhali kinyungu kikiachiwa hata ukanda mwembamba wa matete na miti ukingoni, sehemu ya udongo itabaki shambani. Zungumza na mwenyekiti wa kijiji ili uchimbaji uhamie kwenye mafungu yaliyo juu ya maji, yasiyo na kome, kabla mvua za Novemba hazijaanza.

Mwalimu wa Gangilonga

Ndugu wa Kalenga, ukishapima, weka hapa picha ya gamba moja kwa pande tatu: nje, ndani, na bawaba kwa karibu, na rula ionekane pembeni. Bila picha ya bawaba hatutasogea mbali. Magamba matupu yatosha. Walio hai waache.