Tupeane uzoefu: IP ya kudumu kwenye Ubuntu ya mezani, panakwama wapi?

Poti22
Wakuu, umeme ukikatika na kurudi, rauta inagawa anwani za mtandaoni (IP) upya. Kompyuta ya Ubuntu (aina ya Linux) yenye folda za ofisi iliyokuwa 192.168.1.104 inaamka na .111, na mashine nyingine zote haziioni tena. Dawa ni IP ya kudumu. Kwenu panakwama wapi?

Mzee wa Terminali
Wengi wanaandika anwani halafu ipv4.method (njia ya kupata anwani) wanaiacha kwenye auto. Hapo mashine inabeba anwani mbili, ya kwako na ya DHCP (inayogawiwa na rauta). Andika vyote kwa mkupuo kwenye terminali:

`nmcli con mod "Wired connection 1" ipv4.addresses 192.168.1.50/24 ipv4.gateway 192.168.1.1 ipv4.dns "192.168.1.1 8.8.8.8" ipv4.method manual`

Kisha `nmcli con up "Wired connection 1"`, la sivyo `ip a` itaendelea kuonyesha anwani ya zamani. Na /24 (ukubwa wa mtandao) usiisahau: ukiiacha, inasomwa /32, yaani mtandao wa mashine moja peke yake.

Binti Swichi
Kweli kabisa, hiyo /24 imetesa wengi.

Kebo Nyekundu
Kuna baya kuliko hayo. Mtu anafungua mipangilio, IPv4, anachagua Manual, halafu kwenye kisanduku cha Address anaandika 192.168.1.1, anwani ya rauta yenyewe! Muda si mrefu ofisi nzima haina intaneti. Taa za rauta ni kijani, kebo ziko sawa, mtoa huduma anapigiwa simu bure. Kumbe mashine zikiuliza nani mwenye 192.168.1.1, wanajibu wawili, na pakiti zinaishia kwenye kompyuta ya mezani ambayo haina pa kuzipeleka. Kwenye mashine nyingine andika `ip neigh show 192.168.1.1`, linganisha MAC (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao) na iliyobandikwa chini ya rauta. Ikipishana tarakimu ya mwisho tu, bado ni rauta. Ikiwa tofauti kabisa, chomoa kebo moja moja kwenye swichi mpaka intaneti irudi.

Poti22
Duh! Unazuiaje?

Kebo Nyekundu
Kabla ya kuweka: `sudo arping -D -c 3 -I enp3s0 192.168.1.50`. Hapo enp3s0 ni jina la kadi ya mtandao. Likija jibu, anwani ina mwenyewe. Lakini mashine iliyozimwa haijibu, kwa hiyo chagua pia nje ya fungu la DHCP. Rauta ikigawa .100 hadi .200, wewe kaa .50.

Lango la Pili
Mnajisumbua. Fungeni anwani kwenye rauta kwa MAC, mashine ibaki DHCP.

Mzee wa Terminali
Sikubaliani, mkuu. Rauta ikirudishwa kwenye mipangilio ya kiwandani, orodha yote imeondoka.

Lango la Pili
Na hiyo yako? Ukihama fiber ukaweka rauta ya 4G ya Huawei, lango (anwani ya rauta) mara nyingi ni 192.168.8.1. Mashine yenye 192.168.1.50 imebaki kisiwani. Ya DHCP walau inapata intaneti.

Binti Swichi
Anayefunga kwa MAC kwenye Wi-Fi aangalie mpangilio wa wifi.cloned-mac-address. Ikiwa random, rauta itaiona kama mgeni kila mara. Weka permanent.

Poti22
Na pale `ping 8.8.8.8` inapojibu lakini tovuti hazifunguki? Ukihariri /etc/resolv.conf, mashine ikiwaka upya maandishi yamefutika.

Mzee wa Terminali
Faili hilo usiliguse, ni kiungo tu cha systemd-resolved (huduma ya mfumo inayotafuta anwani za tovuti), ndiyo maana mna 127.0.0.53 ndani yake. DNS (seva inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) iwekwe kwenye ipv4.dns, kisha thibitisha kwa `resolvectl status`.

Kebo Nyekundu
Wa netplan (mnaopanga mtandao kwa faili): jongezeni mistari kwa nafasi, tab haikubaliki. gateway4 imepitwa na wakati, andikeni routes, `to: default`, `via: 192.168.1.1`. Na ukiwa mbali kwa SSH, tafadhali usikimbilie `netplan apply`. Tumia `sudo netplan try`: usipobonyeza Enter ndani ya sekunde 120, mipangilio ya zamani inarudi yenyewe.

Lango la Pili
Hapo kwenye try naunga mkono.