Naomba ushauri: waya wa breki ya nyuma umekuwa mzito, hairudi

Habari zenu wakuu, naombeni msaada kwa wanaojua baiskeli. Ninayo ya mtumba, ya milimani, breki zake ni zile V za kubana rimu. Ya nyuma nikibana inashika ila nikiachia hairudi, mpira unabaki unasugua rimu, yaani kwenye mlima nahisi nimebeba abiria.

Ilianza baada ya fundi kubadilisha kava la waya. Nimechungulia pale lilipokatwa nikaona ndani kuna nyaya ndogondogo zimenyooka, na ni jembamba kama mm 4, wakati la zamani ni mm 5 na ndani limezungushwa kama springi. Ninavyojua mimi la kunyooka ni la gia, kwenye breki linaweza kupasuka ukibana kwa nguvu, fundi anasema yote sawa tu (sijamuamini).

Nimepaka grisi, nimekaza skrubu za springi, wapi. Nikichomoa waya mikono ya breki inarudi yenyewe freshi kabisa, kwa hiyo shida iko kwenye waya au kava.

Sasa nanunua kava la mm 5 na waya wa unene wa mm 1.6. Zamani lilikuwa vipande viwili, katikati ya fremu waya uko wazi, fundi kaweka kipande kimoja kirefu kakifunga na zipu tai. Nirudishe viwili au nibaki na kimoja kwa sababu ya tope la masika? Na kile cha nyuma nikikate urefu gani ili kisikunjike kabla ya kuingia kwenye kile kibomba kilichopinda kinachoingiza waya kwenye mikono ya breki?